Waziri wa Sulu katika Seneti ya Manila: Hadji Butu na hukumu ya kushika cheo chini ya mkoloni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Suala la Muislamu kushika cheo katika serikali isiyokuwa ya Kiislamu huzungumzwa sana misikitini na katika darsa zetu, na mara nyingi huzungumzwa kwa jazba kuliko kwa elimu. Mmoja husema ni haramu moja kwa moja, mwengine husema ni halali bila ya sharti lolote, na wote wawili huwa hawajafungua kitabu. Katika makala hii tumeona tulitazame suala hilo kupitia maisha ya mtu mmoja ambaye wasomaji wetu wengi hawajawahi kumsikia, naye ni Hadji Butu Abdul Baqui, mzaliwa wa Jolo katika visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino. Alizaliwa mwaka 1865 chini ya sultani wa Kiislamu, akawa waziri wa sultani huyo, na akamaliza kazi yake akiwa seneta katika baraza la kutunga sheria lililoundwa na Wamarekani. Njia hiyo yote aliipita bila ya kuhama kwao. Dola ndiyo zilizokuwa zikihama juu ya kichwa chake.

Kwanza tuijue Sulu yenyewe. Ni mlolongo wa visiwa baina ya Mindanao na Borneo, na Uislamu uliingia huko kwa njia ileile uliyoingilia kwetu, yaani kwa majahazi ya wafanyabiashara na kwa masharifu. Kaburi la Kiislamu lililopo Bud Dato, karibu na mji wa Jolo, lina maandishi ya mwaka 710 Hijria, sawa na mwaka 1310 Miladia. Usultani ulisimama katikati ya karne ya 15, na wa kwanza kuukalia alikuwa Sharif ul-Hashim Abu Bakr. Madhehebu yao ni ya Imamu Shafii. Majirani zao wa Maguindanao walikuwa na mkusanyiko wa hukumu unaoitwa Luwaran, na vitabu vilivyotegemewa katika kuukusanya ni pamoja na Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi na Fat-h al-Qarib. Mwanafunzi aliyesoma Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa vitabu hivyo. Hata lugha yao ya Kitausug waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandika Kiswahili.

Sultani hakutawala peke yake. Alikuwa na baraza lililoitwa Ruma Bichara, alikuwa na madatu ambao ni wakuu wa koo, na alikuwa na makadhi na waziri. Wahispania waliokita Ufilipino tangu mwaka 1565 waliwaita Waislamu hawa Wamoro, jina walilokuwa wakiwaita Waislamu wa Andalusia na Maghrib, na walipigana nao kwa zaidi ya miaka mia tatu bila ya kuwamaliza. Waliuteka mji wa Jolo mwaka 1876, na mwaka 1878 wakatiliana mkataba na sultani. Hapa ndipo inapoanza fitina ya maneno ambayo itatufuata hadi mwisho wa makala. Nakala ya Kihispania ilisema Sulu imekubali kuwa chini ya enzi ya Hispania, na nakala ya Kitausug haikusema hivyo. Katika mwaka huohuo wa 1878 sultani alitoa hati nyengine juu ya ardhi ya Sabah, kule Borneo Kaskazini, na neno lililotumika humo, pajakan, wengine wamelifasiri kuwa ni kukodisha na wengine kuwa ni kuuza. Ugomvi huo haujamalizika hadi leo.

Mwezi wa Disemba 1898, Hispania iliyoshindwa vitani iliiachia Marekani Ufilipino nzima kwa dola milioni 20, pamoja na Sulu ambayo haikuwahi kuimiliki barabara. Wamarekani walikuwa na vita vyengine kaskazini dhidi ya Wafilipino waliotaka uhuru wao, na hawakutaka kufungua uwanja wa pili kusini. Walimtuma Jenerali John C. Bates kwenda Jolo kuzungumza na Sultani Jamalul Kiram wa Pili. Huko akamkuta, miongoni mwa watu wa sultani, Hadji Butu.

Mkataba wa Bates ulitiwa saini tarehe 20 Agosti 1899. Uliahidi kuheshimu haki na heshima ya sultani na madatu wake, na kwamba hapana mtu atakayebughudhiwa kwa ajili ya dini yake. Upande wa pili, nakala ya Kiingereza ilitamka kuwa enzi ya Marekani juu ya Jolo na visiwa vyake imekubaliwa. Nakala ya Kitausug ilizungumzia msaada na himaya. Baina ya himaya na enzi ni masafa makubwa, na anayejua historia ya Zanzibar tangu mwaka 1890 anajua jinsi ya kwanza inavyogeuka ya pili. Kulikuwa pia na kifungu kilichompa mtumwa haki ya kujikomboa kwa thamani yake, na Rais McKinley wa Marekani aliukubali mkataba isipokuwa kifungu hicho.

Mkataba huo una orodha ya mishahara ya kila mwezi iliyopangwa kwa dola za Kimexico. Sultani 250, baadhi ya madatu 75, wengine 60. Na Hadji Butu yumo kwa jina lake, ingawa karani alilikosea herufi: 50. Msomaji asilipite jambo hili upesi. Tangu mwaka 1899 waziri wa sultani wa Kiislamu alikuwa na fungu lake katika hazina ya dola isiyokuwa ya Kiislamu, na fungu hilo liliandikwa katika mkataba uleule aliousaidia bwana wake kuufikia. Tunalitaja bila ya kumtuhumu mtu, kwani mwenye kupima hukumu ya vyeo hawezi kuiacha mishahara nje ya mizani.

Kuna habari nyengine ya mwaka huohuo ambayo huwashangaza wengi. Balozi wa Marekani mjini Istanbul, Oscar Straus, alimwendea Khalifa Sultani Abdulhamid wa Pili akamwomba awaandikie Waislamu wa Sulu wasiwapige Wamarekani, kwa kuwa Marekani imeahidi kutoiingilia dini yao. Khalifa akakubali, na ujumbe ukapitishwa Makka kwa mahujaji waliotoka Sulu. Balozi aliisimulia habari hii katika kumbukumbu zake kwa kujisifu, na wanahistoria wamekhitalifiana kuhusu ujumbe huo uliathiri kiasi gani. Hata hivyo, unatuonesha kuwa Jolo haikuwa peke yake katika kukadiria kwamba kuzungumza ni bora kuliko kupigana. Istanbul nayo ilikadiria hivyo.

Makadirio hayo yalidumu chini ya miaka mitano. Mwaka 1903 Wamarekani waliunda Mkoa wa Moro chini ya Jenerali Leonard Wood, na mwezi wa Machi 1904 Rais Roosevelt aliuvunja mkataba wa Bates bila ya ridhaa ya upande wa pili. Ikaja kodi ya kichwa. Watu wa kisiwa cha Jolo walioikataa walipanda na wake zao na watoto wao hadi kwenye shimo la mlima wa volkano uitwao Bud Dajo, na mwezi wa Machi 1906 jeshi likawapandia huko. Waliouawa ni baina ya 600 na 1,000, wanawake na watoto wakiwa humo. Mwaka 1911 Jenerali Pershing aliamuru Wamoro wote wanyang'anywe silaha, na mwezi wa Juni 1913 yakatokea mauaji mengine makubwa katika mlima wa Bud Bagsak.

Watausug wana neno lao parang sabil, yaani kupigana fi sabilillah, na waliofia katika milima ile wanakumbukwa kwa neno hilo. Hadji Butu hakuwa mlimani. Alikuwa bondeni, upande wa mazungumzo, akitumiwa na serikali ya mkoa kama mshauri na kama mtu wa kuipitisha amri kwa watu wake. Wako watakaomhukumu kwa hilo tu na kufunga daftari. Sisi tunaona daftari bado halijajaa.

Tarehe 22 Machi 1915, mjini Zamboanga, sultani alitia saini hati ya pili mbele ya Gavana Frank Carpenter, na Hadji Butu alikuwapo. Kwa hati hii Jamalul Kiram aliachilia mamlaka yote ya kidunia: mahakama, kodi, na madai juu ya ardhi. Akabakiziwa kuwa kiongozi wa kidini wa Waislamu wa Sulu, na ruhusa ya kupokea michango ya hiari. Hati imeuita Uislamu wa Sulu kanisa la Kimuhammadi. Tafadhali msomaji, usidhani ni kosa la ulimi tu. Mwandishi wa hati alikuwa na ramani moja kichwani mwake, ramani ya padri upande huu na mfalme upande ule, akaikata Sulu kwa ramani hiyo.

Nini kilikatwa? Chukua mfano wa binti ambaye hana walii. Tunajua kwa hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba sultani ndiye walii wa asiyekuwa na walii. Je, ni sultani gani? Yule wa michango ya hiari, au gavana mwenye askari? Chukua mke aliyetoroshwa na umasikini wa mume asiyerudi, anayetaka faskhi. Chukua warithi wanaogombana na mmoja wao hataki kwenda kwa kadhi. Ndoa, faskhi, mirathi na waqfu ni dini bila ya shaka, na zote zinahitaji mwenye uwezo wa kulazimisha. Kumwachia sultani "dini" na kumnyang'anya mahakama ni kumwachia ala bila ya upanga. Maulamaa wetu wa Kishafii wametaja mlango wa tahkim pale hakimu anapokosekana, nao ni mlango wa haki, lakini haupitiki bila ya ridhaa ya wagombanao.

Serikali yenyewe iliona pengo hilo. Katika mwaka huohuo wa 1915 ilipitishwa Sheria namba 2520, iliyoruhusu majaji wa kawaida, katika kesi za madai ambazo Waislamu wamo, kuzingatia sheria na mila zao. Jaji alikuwa na hiari ya kuzingatia, na jaji huyo kwa kawaida hakuwa Muislamu.

Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Jones, tarehe 29 Agosti 1916, ikaunda Seneti ya Ufilipino yenye viti 24. Viti 22 vilikuwa vya kuchaguliwa. Viti viwili, vya eneo la kumi na mbili lililojumuisha Mindanao, Sulu na milima ya kaskazini, viliteuliwa na Gavana Jenerali. Gavana Jenerali Francis Burton Harrison alimpa Hadji Butu kimoja kati ya hivyo viwili. Akawa Muislamu wa kwanza katika Seneti ya Ufilipino, akikaa Manila pamoja na mawakili na matajiri wa Kikristo wa kaskazini chini ya uongozi wa Manuel Quezon.

Sasa tuifikie hukumu. Wanaozuia hushika aya ya 44 ya Suratul Maida na zile zinazoifuatia, na hoja yao si nyepesi, kwani mwenye kuketi katika baraza la kutunga sheria si sawa na mwenye kuuza dawa katika hospitali ya serikali. Wanaoruhusu hushika aya ya 55 ya Surat Yusuf, pale Nabii Yusuf (a.s.) alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Imamu Qurtubi, aliyefariki mwaka 671 Hijria, katika tafsiri yake ya aya hii amenukuu maneno ya al-Mawardi, imamu wa Kishafii aliyefariki mwaka 450 Hijria, na maneno hayo ni mazuri kuliko mijadala mingi tunayoisikia. Al-Mawardi anasema watu wana kauli mbili. Moja inajuzisha ikiwa mwenye cheo atafanya haki katika alichopewa. Ya pili inakataza, kwa kuwa kupokea cheo kwa dhalimu ni kumsaidia na kumkubalia.

Kisha al-Mawardi mwenyewe haridhiki na kauli yoyote kati ya hizo ikiachwa hivi hivi. Anagawanya vyeo mafungu matatu. La kwanza ni kazi ambayo wanaostahiki wake wanajulikana kwa nassi, kama kugawa zaka, na hii yajuzu kuipokea kwa dhalimu. La pili ni kama mali ya fai, ambayo matumizi yake yanahitaji ijtihadi ya mwenye haki nayo, na hii haijuzu. La tatu ni hukumu baina ya watu. Hapa anapambanua: ikiwa kazi ni kutekeleza hukumu baina ya wawili walioridhika, au kusuluhisha baina ya watu waliolazimishwa, yajuzu. Ikiwa ni kulazimisha kwa nguvu, haijuzu.

Tuongeze neno la Sultani wa Maulamaa, Izzuddin bin Abdissalam, Mshafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, zama ambazo Wamongoli walikuwa wameshaila miji ya Waislamu. Katika Qawaid al-Ahkam anasema kwamba makafiri wakilitawala eneo kubwa, kisha wakampa ukadhi mtu anayesimamia maslaha ya Waislamu, linalodhihiri kwake ni kuzipitisha hukumu za kadhi huyo, ili maslaha ya umma yapatikane na ufisadi mkubwa uzuilike. Kwa msingi wa namna hii ndiyo makadhi wa mwambao wetu walihukumu chini ya Waingereza baada ya mkataba wa mwaka 1895. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye kalamu yake ilikuwa kali juu ya athari za wakoloni, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi 1947. Wanaomsifu kwa kalamu yake wasisahau cheo chake.

Ukimpima Hadji Butu kwa mizani ya al-Mawardi, utaona kuwa cheo chake hakikuwa kimoja. Mwaka 1899 alikuwa waziri wa mwenye mamlaka, akizungumza kwa niaba yake na adui mwenye nguvu zaidi. Jambo hilo halina utata katika vitabu vya siasa ya sharia, wala sulhu na asiyekuwa Muislamu si bidaa. Utata ni ule mshahara wa dola 50. Baina ya mwaka 1904 na 1915 alikuwa akisuluhisha baina ya watu waliolazimishwa, ibara ya imamu ikimkaa sawasawa, na kila nafsi iliyoteremka mlimani kwa suluhu badala ya kushushwa kwa mizinga ni hoja kwa ajili yake.

Kiti cha Seneti ni jambo jengine. Hakikuwa ukadhi, basi neno la Ibn Abdissalam halikishiki moja kwa moja. Kilikuwa sauti moja katika 24, na aliyemkalisha hapo si Waislamu wa Sulu bali Gavana Jenerali, ambaye angeweza kumkalisha mwengine. Upungufu wa kiti hicho unaonekana vizuri katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1919, namba 2874, iliyopitishwa na baraza lilelile. Sheria hiyo ilimruhusu Mfilipino mwombaji kupata shamba la hadi hekta 24. Asiyekuwa Mkristo, akikaa katika ardhi iliyotengewa makabila yake, aliruhusiwa kibali cha kukaa tu, katika hekta zisizozidi 10. Ardhi ya Mindanao ambayo Wahispania hawakuweza kuichukua kwa meli za kivita ilianza kugawiwa kwa makaratasi, na walowezi kutoka kaskazini wakamiminika. Waziri wa zamani wa Sulu alikuwa mjumbe wa baraza hilo.

Rai yetu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ni kwamba kukubali kiti hakukuwa dhambi kwa dhati yake, kwani kukiacha kitupu kungemweka mtu asiyejua hata kibla cha Jolo kiko wapi. Lakini kukiita kiti kile uwakilishi wa Waislamu ni kusema kisichokuwa. Al-Mawardi aliwajuzishia wasuluhishi kusuluhisha. Hakusema kwamba msuluhishi amepewa mamlaka.

Hadji Butu alidumu katika Seneti miaka mingi, na mwaka 1931 kiti hicho akakalia Sultani Jamalul Kiram wa Pili mwenyewe. Yaani bwana alimfuata waziri wake katika uteuzi wa gavana, na wote wawili wakafariki katika muongo huo wa 1930. Sultani alipofariki mwezi wa Juni 1936, serikali ya Quezon haikutaka tena kutambua sultani wa Sulu, na mwaka 1937 Quezon aliagiza kwamba vyeo vya sultani na datu visipewe uzito wa kiserikali. Ule ukuu wa kidini uliobakizwa katika hati ya mwaka 1915, mbele ya macho ya serikali ulikuwa umeishi miaka 22.

Suala la binti asiye na walii na la mke anayetaka faskhi halikuzikwa pamoja nao. Mwaka 1949 Ufilipino, ikiwa imeshapata uhuru, ilipitisha Sheria ya Jamhuri namba 394 iliyoruhusu talaka baina ya Waislamu kwa mujibu wa desturi zao, kwa muda wa miaka 20 tu, kana kwamba Uislamu ungekwisha katika muda huo. Ndipo tarehe 4 Februari 1977, baada ya vita vya miaka kadhaa kusini na wiki chache baada ya mapatano ya Tripoli ya Disemba 1976, ikatoka Amri ya Rais namba 1083, ambayo ni Kanuni ya Sheria za Waislamu kuhusu ndoa, talaka, wosia na mirathi, pamoja na mahakama zake. Majaji wa mahakama hizo huteuliwa na Rais wa Ufilipino.